Unarudi na Nini? Daftari la Matela Matatu

Nilipokuwa utingo kwenye njia ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na swali moja kwa kila dereva tuliyekutana naye kwenye foleni ya Tunduma. Hakuuliza mtu amepakia nini. Aliuliza, "Unarudi na nini?" Dereva wa tangi la mafuta alijibu kwamba anarudi tupu, na mzee akamwambia pole. Dereva aliyebeba kontena juu ya flatibedi alijibu kwamba anarudi na shaba, na mzee akampa mkono kwa furaha kama aliyesikia habari ya harusi. Mimi nilidhani ni maneno ya kupitisha muda mpakani. Mzee sasa amestaafu, yuko Njombe analima. Nami nimelielewa swali lake mwaka huu tu, maelfu ya maili kutoka Tunduma.

Naishi Des Moines, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Nina kichwa changu cha lori, lakini sina kibali cha kubeba mizigo ya watu kwa jina langu mwenyewe. Kichwa nimekiingiza kwa mkataba kwenye kampuni. Mlangoni kimeandikwa jina lao na namba waliyopewa na serikali. Wateja ni wao, na bima kubwa ya barabarani ni yao. Dizeli, matairi, oili na marejesho ya mkopo ni juu yangu. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huku, Wakongo, Wakenya, Watanzania, tukitaka kutoka kwenye ajira na kumiliki lori huanzia hapo.

Mkataba wangu ulipokaribia kwisha, kampuni ilinipa hiari. Ningeweza kuvuta tela la boksi, tela la friji, au flatibedi. Kwa tela lao napata asilimia 70 ya bei ya mzigo, na nikinunua tela langu mwenyewe napata asilimia 78. Niliomba nisijibu kabla ya kujaribu. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi katikati ya Novemba nilivuta kila aina safari moja, kutoka Des Moines na kurudi Des Moines, na kila jioni niliandika bei, saa na maili kwenye daftari la shule lenye mistari. Ninayoandika hapa yametoka humo. Nayaandika kwa ajili ya ndugu walio mbioni kununua kichwa, ambao kila siku wananipigia simu na swali lile lile: tela gani linalipa?

Boksi: Des Moines hadi Lakeland, Florida

Tela la boksi ndilo utakaloliona zaidi kwenye barabara za huku. Ni sanduku la futi 53, refu kuliko kontena la futi 40 tulilozoea bandarini, lenye milango nyuma na ukuta laini pande zote. Humo huingia kila kisichohitaji ubaridi wala kreni: karatasi, vinywaji, nguo, vyakula vya makopo. Mimi nilipewa mifuko ya chakula cha mbwa.

Rehema ya boksi niliiona saa ya kwanza. Tela lilikuwa limeshajazwa na kufungwa lakiri kabla sijafika. Nilirudi nyuma polepole mpaka chuma cha tela kikaingia kwenye sahani ya kichwa na kujifunga kwa ule mlio mzito ambao kila dereva anaujua kwa mgongo wake. Nikavuta mbele kidogo kujaribu, nikaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, nikapandisha miguu ya tela. Dakika 25 baada ya kuingia yadini nilikuwa natoka. Nilikumbuka siku tulizokaa Dar tukisubiri kontena moja, tukipika ugali chini ya tela.

Kabla ya kushika barabara kuu niliingia kituo cha mafuta kupima uzito. Hapa kuna tofauti ambayo dereva wa kwetu anapaswa kuijua mapema. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Kwenye barabara kuu za Marekani kikomo cha kawaida ni paundi 80,000, yaani tani 36 na kidogo, kichwa, tela na mzigo vikiwa pamoja kwenye ekseli tano. Kila jozi ya ekseli haipaswi kuzidi paundi 34,000. Ukikuta nyuma pamezidi, unachomoa pini na kuzisogeza ekseli za tela hadi uzito ugawanyike. Nilipokuwa utingo, uzito uliozidi tuliugundua mbele ya ofisa wa mizani, na ugomvi ukaanzia hapo. Huku dereva hujipima mwenyewe kwa hela yake kwenye mizani ya biashara, ili atakapofika kwenye ya serikali asiwe na la kueleza.

Bei ya kwenda ilinifurahisha: dola 3.10 kwa maili, kwa maili 1,350. Kama ningeandika mpaka hapo tu, ningewaambia wote wanunue boksi kesho.

Lakini Florida ni kama Kigali au Bujumbura kwa malori ya Dar. Watu ni wengi, wanakula, wanajenga, wananunua, na kila kitu huingizwa kwa lori. Vinavyotoka ni vichache. Matunda na mboga zake hutoka majira ya baridi na masika, na hayo nayo hutaka friji. Mwezi wa Oktoba, mwenye boksi huketi kwenye maegesho ya Lakeland akitazama simu. Nilikaa siku nzima na usiku wake. Mzigo uliopatikana ulikuwa karatasi chakavu za kurudi kaskazini, dola 1.35 kwa maili. Nikaelewa kwa nini bei ya kwenda ilikuwa nono. Mwenye mzigo alikuwa ananilipa kwenda na nusu ya kurudi, kwa sababu anajua ninachokwenda kukutana nacho.

Hesabu ya daftari: jumla dola 6,007. Fungu langu la asilimia 70, dola 4,205. Nikitoa dizeli dola 1,490, zilibaki 2,715. Siku saba. Dola 388 kwa siku, kabla ya mkopo, bima yangu na matairi.

Friji: Iowa hadi California

Iowa inaongoza majimbo yote ya Marekani kwa ufugaji wa nguruwe, na nyama hiyo haikai Iowa. Hivyo mtu wa Des Moines mwenye tela la friji hahangaiki kupata mzigo wa kutoka. Anahangaika na kusubiri.

Niliitwa machinjioni magharibi mwa jimbo saa nne asubuhi, nikapakiwa saa tisa alasiri. Nikiwa nimekaa pale, saa yangu ilikuwa inatembea. Sheria ya huku inampa dereva saa 11 za kuendesha, na lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Kisha apumzike saa 10 mfululizo. Hesabu hiyo inashikwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, nacho kimekuwa lazima kwa malori mengi tangu Desemba 2017. Ukisubiri saa tano, kifaa hakikuonei huruma. Zamani, kwenye njia ya Lubumbashi, tuliendesha mpaka macho yagome, na nimezika rafiki kwa sababu hiyo. Siilalamikii sheria hii. Ila ndiyo inayofanya kila mlango wa ghala kuwa sehemu ya bei ya mzigo, hata kama haikuandikwa kwenye karatasi.

Nilishika barabara ya I-80 kuelekea magharibi. Nebraska ni maili 450 na zaidi za ardhi tambarare. Ukiingia Wyoming nchi inainuka, na kati ya Cheyenne na Laramie unafika kilele cha Sherman, futi 8,640, sehemu ya juu kuliko zote kwenye barabara hiyo. Mbele ya Laramie, kuelekea Rawlins, ndiko upepo ulipo. Mabango ya umeme yalikuwa yanawaka kuzuia matela mepesi yenye ubavu mrefu. Nilipita boksi moja tupu limelala ubavu majanini, dereva wake amesimama kando amejifunika blanketi, salama, namshukuru Mungu. Mimi nilikuwa na paundi 42,000 za nyama zimenikandamiza barabarani, nikayumba lakini nikapita. Palepale niliandika neno moja pembeni mwa ukurasa: *tupu*. Anayekwenda tupu hapati hela, na huku hata barabara yenyewe haimtaki.

Kushuka milima ya Sierra Nevada kuingia California kulinikumbusha mteremko wa Kitonga kule nyumbani: gia ndogo, subira, na harufu ya breki za mtu mwingine aliyekosa subira. California wana kanuni nyingine ya tela refu: kutoka chuma cha kuungia hadi ekseli ya nyuma isizidi futi 40. Kwa hiyo nilisimama kabla ya mpaka wa jimbo, nikasogeza ekseli mbele, nikapima tena.

Ghala la kupokea nyama lilinipa miadi ya saa nane usiku. Vibarua wa kupakua hulipwa kivyao. Unapiga simu kampuni, wanatuma namba ya malipo, unasubiri. Nilitoka pale jua limechomoza, nikalala mchana kweupe, na saa zangu zote zikapinduka.

Salinas ndipo nilipolipenda tela la friji. Ni bonde la mboga karibu na bahari, na ukungu wake wa asubuhi unanukia udongo ulionyeshewa. Huko hupakii kwa macho. Mpakiaji aliniletea katoni ya saladi, nikachomeka kipimajoto chenye sindano ndani ya kichwa kimoja cha saladi mpaka katikati, nikasubiri namba itulie: nyuzi 35 za Farenhaiti, kama mbili za Selsiasi. Niliiandika kwenye karatasi ya mzigo kabla ya kusaini. Namba hiyo ni ulinzi wako. Saladi ikipakiwa ya moto, friji ya tela haiwezi kuipoza, maana kazi yake ni kuulinda ubaridi uliokuwemo. Ukifika siku tatu baadaye mpokeaji akakataa mzigo, watakuuliza wewe, na jibu lako ni ile namba. Tela nalo lazima liwe limepozwa kabla ya kupakia, na mashine iwekwe kunguruma bila kukatika, isiwe ile namna ya kuwaka na kuzima inayofaa vyakula vilivyogandishwa.

Mngurumo huo hulali nao siku ya kwanza. Siku ya nne uliwahi kukatika kwa sekunde chache usiku, nikaamka moyo ukienda mbio na kukimbilia nyuma nikiwa na kandambili. Ilikuwa hitilafu ndogo ya waya, na mashine iliwaka tena. Lakini nilijua tangu hapo kwamba mwenye friji ana mgonjwa wa kuangalia kila usiku.

Hesabu: kwenda dola 2.35 kwa maili 1,850, kurudi dola 2.70 kwa maili 1,880. Jumla dola 9,424, fungu langu 6,597. Dizeli ya lori, ghali mno California, ilikula 2,270, na dizeli ya mashine ya friji 210. Zilibaki 4,117. Siku 11, kwa sababu ya kusubiri. Dola 374 kwa siku.

Flatibedi: Gary hadi Laredo

Flatibedi nilikulia juu yake, na nilidhani moyo wangu utaamua humo. Kutoka Des Moines nilikwenda tupu maili 350 hadi Gary, Indiana, kwenye viwanda vya chuma kando ya Ziwa Michigan. Mzigo ulikuwa koili moja ya chuma, bati lililoviringishwa kama mkeka, paundi 44,000. Kreni iliishusha juu ya magogo katikati ya tela, na tela zima likazama kidogo na kutulia.

Kufunga mzigo huu ni elimu. Sheria inataka nguvu ya vifungo vyote kwa pamoja isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Mnyororo ninaoutumia, wa unene wa inchi 3/8, umepimwa kubeba paundi 6,600. Nusu ya mzigo wangu ni 22,000, hivyo minyororo minne ilitosha kisheria. Niliweka minane. Mwenzangu wa kazi akiwa chuma cha tani 20 nyuma ya shingo yangu, sitaki kubishana naye kwa hesabu ya karibu-karibu. Baada ya maili 50 za kwanza unasimama kukagua, kisha kila maili 150 au kila saa tatu.

Halafu turubai. Chuma hiki hakitakiwi kulowa. Siku ile upepo wa ziwa ulikuwa unapiga kutoka kaskazini. Nililibeba turubai begani, zito kuliko gunia la saruji, nikalipandisha juu ya koili, na nilipolifungua upande mmoja upepo ukaliinua lote kama tanga la dau. Nililala juu yake kifudifudi, mikono imeshika pete za pembeni, nikimwomba Mungu asinishushe kwa kichwa. Kijana mmoja wa flatibedi ya jirani aliacha kazi yake bila kuitwa, akaja kuvuta kona ya pili. Hatukujuana jina. Kwenye flatibedi watu husaidiana hivyo, na hilo ni moja ya mambo ninayolipendea. Lakini nilipoketi kwenye usukani vidole havikuweza kufunga mlango, na nina miaka 49. Niliandika: *mwili pia una mkataba, na haujasainiwa upya.*

Kwa upande mwingine, milango ya flatibedi mara nyingi haina usiku. Sehemu nyingi hupakia na kushusha mchana, kwa kreni au foklifti, na ukiwa umefungua minyororo na kukunja turubai unaondoka. Hakuna ghala la saa nane usiku. Nililala kama binadamu safari nzima.

Nilifika Laredo, kusini mwa Texas, baada ya maili 1,400. Laredo ni Tunduma ya Marekani: mji wa mpakani ambao malori yake ni mengi kuliko kitu kingine chochote, lango kubwa kuliko yote ya nchi kavu kati ya Marekani na Meksiko. Koili yangu ilishushwa iende viwanda vya ng'ambo. Mimi nikabaki na tela wazi. Kwa flatibedi hapakuwa na mzigo siku hiyo. Dispacha alinipata mabomba ya Houston, maili 315 kutoka hapo, niende tupu.

Mtu wa Lubumbashi

Nilikuwa maegeshoni nakunja mikanda niliposikia mtu akizungumza na simu kwa Kiswahili ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Nilimsubiri amalize. Ni kijana wa Lubumbashi, naye kichwa chake kiko chini ya kampuni, anavuta friji. Nilipomwambia nilikuwa nashusha makontena mjini kwao na kulala kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, alicheka akanishika mabega. "Yaya," aliniita, kama wanavyomwita mkubwa huko kwao, "ulipita mbele ya nyumba yetu!"

Nikamuuliza swali la mzee, bila hata kufikiri. Unarudi na nini?

"Yaya, miye nakuyaka na nyama, narudiaka na avoka. Kila juma."

Alinieleza, na kila alichosema nilikuwa nimekiona kwa macho bila kukiunganisha. Meksiko ni mnunuzi mkubwa wa mapaja ya nguruwe kutoka Marekani, na Iowa ndiko nguruwe waliko. Parachichi za Michoacán na ndimu za Veracruz nazo hupanda kaskazini kupitia madaraja ya Laredo na Pharr mwaka mzima. Tela lile lile la friji linashuka na nyama na kupanda na matunda. Na barabara ni moja. I-35 inaanzia hapohapo Laredo, inapita San Antonio, Dallas, Oklahoma City na Kansas City, na inapita Des Moines, dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Maili 1,100 na zaidi, bila milima mikubwa, bila upepo wa Wyoming.

Nilisimama na mkanda mkononi. Kwetu tulichagua flatibedi kwa sababu njia ya Lubumbashi ina kontena la kwenda na shaba ya kurudi, na flatibedi ndilo tela linaloweza kubeba vyote viwili. Mwenye tangi hupeleka mafuta na kurudi na hewa. Hatukupenda flatibedi kwa sura yake. Njia ndiyo iliyolichagua. Nami nilipohamia huku nilisahau, nikaanza kuuliza tela lipi linalipa, kana kwamba tela hujilipa lenyewe.

Nilikwenda Houston tupu, nikapeleka mabomba Oklahoma, nikapandisha mbao za jasi hadi Iowa, turubai tena. Hesabu: jumla dola 7,380, fungu langu 5,166, dizeli 1,700, zilibaki 3,466 kwa siku tisa. Dola 385 kwa siku. Na maili 755 tupu.

Meza ya jikoni

Nikaziweka kurasa tatu pamoja, mke wangu akisoma namba kwa sauti. Boksi 388, friji 374, flatibedi 385. Tofauti yake haijazi kikapu cha sokoni. Bei kwa maili, ambayo ndiyo madereva hujisifia kwenye meza za vituo vya mafuta, ilitofautiana kati ya 1.35 na 3.20. Bei kwa siku ilikuwa karibu moja. Soko limeshajua Florida haina mzigo, limeshajua turubai inaumiza, limeshajua friji inasubirisha, na limeshaweka kila kitu ndani ya bei. Huwezi kulishinda kwa kuchagua aina ya tela. Pa kupata nafuu ni pale ambapo njia yako, tela lako na nyumba yako vinakutana, kwa sababu hapo unakata maili tupu na siku za kukaa bure, ambazo soko halikulipi.

Kwa mtu wa Des Moines, hapo ni I-35 na friji. Kwa ndugu aliye karibu na Gary jibu huenda likawa chuma. Kwa aliye Dallas, kwenye maghala mengi, huenda likawa boksi analobadilishiwa yadini na kulala kwake kila baada ya siku mbili. Kabla ya kuuliza tela, simama mlangoni kwako uulize: nini kinatoka hapa mwaka mzima, kinakwenda wapi, na huko kinatoka nini cha kuja huku?

Na kabla ya kusaini, soma karatasi. Kampuni yangu ya kwanza, miaka saba iliyopita, ilinilipa kwa asilimia ya bei waliyonitajia kwa mdomo. Siku moja karani wa ghala alinipa kwa makosa karatasi yenye bei halisi. Mimi niliambiwa dola 2,100, na mzigo ulilipiwa 2,900. Sikujua kwamba sheria ya shirikisho ya mikataba hii inanilinda. Unapolipwa kwa asilimia, kampuni lazima ikupe nakala ya hati ya bei ya mzigo, au hati nyingine yenye taarifa hizo hizo, wakati wa kukulipa au kabla yake. Malipo yatoke ndani ya siku 15 tangu uwasilishe karatasi za mzigo. Makato yote yawe yameandikwa kwenye mkataba. Na ukiondoka, dhamana waliyokushikia irudi ndani ya siku 45, ikiwa na maelezo ya kila walichokata. Siku hizi naomba hati ya bei kila wiki, kwa adabu na bila kuruka hata moja.

Tela la kununua nimeliacha. Asilimia nane za ziada zingeniongezea dola 754 kwenye safari ya California, na zinavutia. Lakini matairi manane, breki, na ile mashine iliyoniamsha usiku vingekuwa vyangu, na kama kampuni ingepoteza mteja wa nyama ningebaki na friji isiyo na njia. Nimeomba jambo jingine badala yake, na wamekubali kuliandika: dizeli ya mashine ya friji ni juu yao, na mizigo yangu ya kwanza kutafutwa iwe ya I-35.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka mzunguko wa kwanza. Siku sita, maili 40 tu tupu, na nililala kwenye kitanda changu. Jumapili asubuhi nilimpigia mzee Njombe, kule kwao ikiwa jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uko njiani?"

"Nimefika jana. Nilipeleka nyama mpakani."

Alinyamaza kidogo, na nilijua anachokwenda kuuliza, na kwa mara ya kwanza tangu niwe utingo wake nilikuwa na jibu tayari. Nilipomwambia parachichi, alicheka mpaka akakohoa, kwa maana amesimama katikati ya shamba la hizo hizo, miti mia mbili aliyoipanda kwa hela ya safari zake za kurudi na shaba.

"Basi," akasema, "sasa wewe ni dereva."